Kompyuta Iliyohamishwa Tundu

Katika chumba chetu cha kompyuta neno "imekufa" husemwa upesi mno. Mashine jana ilikuwa nzima; leo imesogezwa meza nyingine, waya wake umechomekwa katika tundu jipya la swichi, na mtandao haupati. Basi hupelekwa ghalani. Muhula uliopita mwalimu aliniruhusu kuzipima zilizomo humo, nikakuta mbili ni nzima kabisa, na huku watahiniwa wanakaa wawili wawili mbele ya mashine moja.

Swichi hii si ile ya kuwashia taa. Ni kisanduku chenye matundu mengi, 8 au 24 au 48, kinachounganisha kompyuta. Kila kompyuta ina namba iliyotiwa kiwandani, yenye alama 12, tarakimu na herufi A hata F, iitwayo anwani ya MAC. Kompyuta ikituma habari, swichi huisoma namba hiyo na kuiandika katika daftari lake: huyu yuko tundu la 7. Akihamia tundu la 19 na kutuma chochote, daftari hurekebishwa papo hapo. Akikaa kimya, swichi nyingi humfuta baada ya sekunde 300. Kwa hiyo kuhama peke yake si kosa, na shida ya daftari haipiti dakika tano.

Kuna na kungoja. Swichi inayofuata kanuni ya zamani ya kuzuia habari zisizunguke bila mwisho hulizuia tundu jipya kwa sekunde 30. Kompyuta huomba anwani ya mtandao, haijibiwi, nayo hujipa yenyewe anwani inayoanza na 169.254. Ukiiona hiyo, ngoja kidogo kisha uombe tena.

Mashine ya kwanza ya ghalani ilikuwa na ugonjwa mwingine. Ilitoka maktaba, na swichi yetu imegawanywa kama nyumba yenye vyumba. Mafundi hukiita kila chumba VLAN. Ilikuwa imeandikiwa kwa mkono anwani ya chumba cha maktaba, ikachomekwa chumba cha darasa. Taa iliwaka vizuri, lakini hakuna aliyeijibu. Nilipoiacha ipewe anwani na mgawaji, ikaamka.

Ya pili ndiyo iliyonisumbua. Taa ya tundu jipya ilizimika kila nilipoichomeka, na mashine nyingine katika tundu lilo hilo haikupata kitu pia! Ikirudishwa tundu lake la zamani, yafanya kazi. Mtu asiyejua angesema tundu limeungua. Kumbe swichi ilikuwa imefungwa kwa ulinzi: namba ya mashine ile imeshikizwa kwa tundu la 7, na ikionekana kwingine swichi huhesabu kuwa ni mgeni anayejifanya mwenyeji, ikalifunga tundu. Ulinzi huu ni mzuri, ila ulinde nao uandikwe mahali. Wetu uliwekwa na fundi aliyekwisha kuondoka, bila karatasi hata moja.

Dawa yake ina sehemu mbili, na nyingi huiacha ya pili. Kwanza msimamizi aifute namba ile katika tundu la zamani. Kisha alifunge tundu jipya kwa amri na kulifungua tena, kwa maana tundu lililofungwa kwa ulinzi, kwa kawaida, halijifungui lenyewe hata ukingoja mpaka kesho.