Tela, Shehena na Mizani: Majibu kwa Wasafirishaji wa Oruchinga na Nakivale

Makazi ya Nakivale, yaliyoanzishwa mwaka 1958, na ya Oruchinga, yaliyofuata mwaka 1959, yote mawili katika ardhi ya Isingiro nchini Uganda, yamekuwa tangu hapo mahali ambapo watu waliokimbia Rwanda, Burundi, Kongo na Somalia huishi jirani na wenyeji wakulima wa ndizi. Na kwa kuwa mahindi, maharage na matoke ya huko hutafuta soko Mbarara na mbele yake, njia za Isingiro hazikosi lori, trekta au pikapu yenye tela nyuma yake, katika vumbi la kiangazi na utelezi wa masika. Maswali haya ni yale ambayo madereva, mautingo na wenye mali huyauliza aghlabu. Nimejibu kwa urefu pale ambapo kutojua huua au hufilisi, na kwa ufupi pale ambapo jambo ni wazi.

Swali: Uzito wa jumla wa gari langu haukupita kiwango, mbona nimezuiwa kwenye mizani?

Jibu: Kwa sababu mizani haiulizi jambo moja, huuliza mawili. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2013 imeweka kikomo cha jumla kuwa tani 56, na chini ya kikomo hicho imeweka vikomo vya ekseli: tani 8 kwa ekseli ya usukani, tani 10 kwa ekseli moja ya matairi manne, tani 18 kwa ekseli mbili zinazofuatana, na tani 24 kwa tatu zinazofuatana, maadamu zina matairi pacha. Basi kichwa cha ekseli tatu kinachovuta tela la ekseli tatu kinaruhusiwa 8 na 18 na 24, yaani tani 50, wala si 56. Na lori la ekseli tatu likivuta tela la ekseli nne, hisabu ya ekseli hufika 62, lakini kikomo cha jumla huirudisha 56. Katika kila hali hukumu ni ya kile kiwango kilicho kidogo.

Walakini wengi hawakamatwi kwa wingi wa mali, hukamatwa kwa namna walivyoipanga. Watu wawili wakichukua mzigo kwa mpiko, aliye karibu na mzigo huumia zaidi. Na tela lina wachukuzi wawili vivyo hivyo, pini ya mbele inayolala juu ya kichwa, na ekseli za nyuma. Chukua tela ambalo kutoka pini hadi katikati ya ekseli zake ni mita 8. Ukiyahamisha magunia 20 ya kilo 100, yaani tani 2, umbali wa mita 4 kwenda mbele, umeongeza tani 1 nzima juu ya kichwa, ilhali hukuongeza hata punje moja ya mahindi. Wapakizi waliochoka hurundika mbele kwanza, na wakifika nyuma magunia yamekwisha. Ndipo ekseli za kichwa hupita 18 na za tela hubaki na nafasi tele. Dawa yake ni kuwaambia kabla hawajaanza ni safu ngapi zitakaa wapi, na utingo asimame pale mpaka kazi iishe.

Swali: Tani mbili za ziada zina madhara gani kwa barabara inayopitwa na malori usiku na mchana?

Jibu: Zina madhara makubwa kuliko akili inavyokisia. Kati ya mwaka 1958 na 1960 wahandisi wa Marekani waliendesha malori bila kukoma juu ya barabara za majaribio karibu na Ottawa katika jimbo la Illinois, na wakaona kwamba uharibifu haupandi kwa kadiri ya uzito wa ekseli, bali hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito huo. Ekseli ya tani 10 ikibebeshwa 12, uzito umezidi kwa sehemu moja katika tano, na uharibifu umekuwa maradufu. Ikibebeshwa 20, uharibifu ni mara 16. Kwa hiyo wale wachache wanaozidisha ndio wanaovunja lami ambayo wengi wanaotii wanailipia.

Hisabu hiyo ni ya lami. Barabara za murami zinazoingia makazini zina msiba wao mwingine: tairi zito likipita siku ya mvua huchimba mfereji, maji hupata njia, na wiki ya pili pikipiki haipiti. Nami sioni haya kusema kwamba jambo hili linaniuma, kwa maana anayeteseka pale si mwenye lori, bali ni mama mjamzito anayepelekwa hospitali ya rufaa ya Mbarara na mkulima ambaye ndizi zake huiva njiani.

Swali: Tela dogo la pikapu yangu hutikisa mkia huku na huku nikiongeza mwendo. Ni matairi?

Jibu: Yaweza kuwa matairi, lakini uanze na shehena. Tela la aina hiyo hutulia pale ambapo sehemu ya uzito wake, kati ya asilimia 10 na 15, inalala juu ya kiungo cha gari linalovuta. Tela la tani 1 pamoja na mzigo wake lishushe kilo 100 hadi 150 hapo mbele. Likipungukiwa, mzigo ukiwa nyuma ya ekseli, mkia huliongoza gari badala ya kuongozwa. Likizidi, nyuma ya pikapu huzama na magurudumu ya usukani hupoteza mshiko. Weka mizani ya kupimia magunia chini ya ulimi wa tela, tela likiwa limelala sawa na magurudumu yamezuiwa kwa mawe, nawe utajua kwa dakika chache.

Ukishikwa na mtikiso huo njiani, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani imara bila kupambana nao, na uache mwendo upungue wenyewe. Usikanyage breki kwa nguvu, na kamwe usiongeze mwendo kwa kudhani utaunyosha.

Swali: Na trekta linalovuta tela la maji au la mavuno?

Jibu: Matela mengi ya mashambani hayana breki zake, kwa hiyo mteremkoni tela zito hulisukuma trekta na huweza kulikunja pembeni. Ingiza gia ndogo kabla hujaanza kushuka, wala si katikati ya kilima, na usiiondoe gia ili kuokoa mafuta. Lita 1,000 za maji ni tani 1 kamili, na tangi lililojaa nusu ni hatari kuliko lililojaa lote, kwa kuwa maji huenda na kurudi na kuusukuma mzigo kila ukisimama au ukipinda. Ama watu kupanda juu ya shehena, hilo halina mjadala: wateremke.

Swali: Nikague nini nikishaunganisha tela?

Jibu: Tazama kwa macho yako kwamba kifungio kimejifunga, kisha, breki za tela zikiwa zimeshika, vuta mbele polepole, ili kiungo kikiachia, kiachie uwanjani na si barabarani. Minyororo ya usalama ya tela dogo ipishane chini ya ulimi, ili ulimi ukianguka udakwe. Kwa breki za upepo, mpira mwekundu ndio unaojaza matangi ya tela, na ukikatika breki hujifunga zenyewe. Anayezilegeza breki hizo kwa makusudi kwa sababu mpira unavuja amejiondolea ulinzi wake wa mwisho.

Swali: Huku kijijini hatuna mizani ya magari. Nitajuaje uzito?

Jibu: Kwa hisabu. Ujue kwanza uzito wa gari na tela vikiwa vitupu, ndipo uhesabu magunia. Matoke hayana mkungu wa kiwango, basi pima mikungu kumi iliyochanganyika, upate wastani, uzidishe. Mchanga uwe na hofu nao: mita moja ya ujazo ukiwa mkavu hukaribia tani 1.6, na ukinyeshewa huzidi, kiasi kwamba mzigo uliokuwa halali jioni huwa haramu asubuhi.

Swali: Mwenye mali ananilazimisha nizidishe, na nikikataa atamwita mwingine. Nifanye nini?

Jibu: Najua uzito wa swali hili kwa mtu mwenye watoto wa kulisha. Mfanyie hisabu mbele yake: faini, siku za kukaa mizanini, vibarua wa kupakua na gari la pili la kuchukua ziada, ambalo angelikodi tangu mwanzo kwa bei ya amani. Akishikilia, mwambie aandike katika hati ya shehena idadi ya magunia, uzito wa kila gunia na jina la aliyeamuru kupakia, atie sahihi, nawe ubaki na nakala. Wengi wakifika kwenye kalamu huamuru magunia ya ziada yashushwe. Asiyetaka kuyashusha wala kutia sahihi, usiuondoe mzigo wake.