Kauli ya Bibi Juu ya Kihenge

Juu ya kila figo imekaa tezi ndogo. Ubongo ukihisi hatari, tezi hizo hutoa adrenalini papo hapo, na kortisoli dakika chache baadaye. Moyo huenda mbio, sukari huongezeka kwenye damu, na kazi zinazoweza kungoja husogezwa pembeni. Kisha kortisoli yenyewe hufika ubongoni kusema: basi, inatosha. Uzeeni ubongo huwa mzito kuusikia ujumbe huo, ndiyo maana mzee akishtuka huchelewa kutulia. Hali hiyo ikidumu miaka, presha hupanda na vidonda hukawia kupona.

Ni nini hasa kinachoiwasha mitambo hiyo? Mwaka 2004 watafiti Sally Dickerson na Margaret Kemeny walichambua tafiti 208 za maabara. Ugumu wa kazi peke yake haukueleza mengi. Kortisoli ilipanda zaidi mtu alipokabili jambo lililo nje ya uwezo wake huku wenzake wakimpima kwa macho.

Sasa twende Iringa, Tanzania, tuone hilo kwa mabibi. Utafiti wa kitaifa wa 2007–08 ulikuta maambukizi ya VVU mkoani humo, Njombe ikiwa bado ndani yake, yamefikia asilimia 15.7 ya watu wa miaka 15 hadi 49. Mbeya asilimia 9.2. Wazazi walipokufa, mabibi wengi wakaanza kulea upya.

Chukua wawili kati yao, wote wana wajukuu na magoti yanayouma. Mmoja ndiye anayeamua magunia mangapi yabaki kwenye kihenge na mangapi yasubiri bei ipande. Mahindi ya mwenzake huuzwa na mwanawe msimu wa mavuno, bei ikiwa chini, naye huambiwa baadaye. Chumvi ikiisha, anaomba mbele ya wakwe. Jembe ni lile lile. Wa pili ndiye ninayemhofia presha, na sidhani kumpunguzia kazi kutamsaidia sana. Huenda kukamzidishia presha: kumnyang'anya mzee jembe kwa huruma ni kumnyang'anya kauli pia.

Kauli huweza pia kuja na fedha yake mwenyewe: Zanzibar mwaka 2016 ilianza kumlipa kila mkazi aliyefikisha miaka 70 pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kupima umaskini wake. Fedha hizo hazitoshi kulea wajukuu. Chumvi, hata hivyo, zinanunua, na mzee hazipitishi kwanza kwa mtoto wala mkwe.