Habari za Dubu Mweupe

Mwanafunzi atokaye Rwamishenye akashuka mpaka ufukoni Bukoba hukiona kisiwa cha Musira mbele yake, naye ajua kwamba hawezi kufika huko ila kwa chombo. Sasa na afikiri kwamba asubuhi moja maji yote ya Ziwa Victoria yamekuwa magumu kama mwamba, hata watu wanakwenda Musira kwa miguu, na ng'ombe wanavuka bila kuzama. Jambo hilo halijaonekana Buhaya. Lakini kaskazini kabisa ya dunia hutokea kila mwaka. Huko bahari yenyewe huganda, na juu ya barafu hiyo hutembea mnyama aitwaye dubu mweupe.

Jina la dubu limetoka katika Kiarabu, maana katika Afrika ya Mashariki mnyama huyu hayuko, awe mweupe au mweusi. Afrika nzima ilikuwa na dubu wa namna moja tu, waliokaa katika milima ya Atlas huko Morocco na Algeria, nao walitoweka katika karne ya 19. Dubu weupe wanapatikana katika nchi tano: Kanada, Urusi, Norwei, Marekani katika jimbo la Alaska, na Greenland iliyo chini ya Denmark. Kusini kabisa ya dunia pia iko barafu nyingi, walakini huko hakuna dubu hata mmoja. Wachoraji wa vitabu vya watoto wamwekao dubu mweupe pamoja na ndege pengwini wamekosa. Wawili hao hawajaonana kamwe.

Dume mzima huwa na uzito wa kilo 300 hata 600. Simba dume, mfalme wa Serengeti, hazidi sana kilo 200. Dubu jike ni nusu ya dume. Nyayo zake ni pana, karibu sentimeta 30, nazo humsaidia kutembea juu ya barafu nyembamba bila kuivunja, tena ni makasia yake aogeleapo. Manyoya yake yaonekana meupe, lakini kila unywele hauna rangi. Hupitisha nuru kama kioo, na wingi wake ndio ufanyao weupe. Ngozi iliyo chini ya manyoya ni nyeusi. Chini ya ngozi kuna mafuta, ambayo unene wake waweza kufika sentimeta 10. Kwa sababu ya mavazi hayo dubu haogopi baridi. Taabu yake ni joto: akikimbia mbali mwili wake huwaka, na kwa hiyo mara nyingi huenda polepole, kama mzee asiye na haraka.

Watu wengi hudhani kwamba dubu huipenda barafu kwa kuwa apenda baridi. Sivyo. Huipenda kwa sababu chakula chake kiko chini yake. Chakula hicho ni sili, mnyama wa baharini mwenye mafuta mengi, mwenye mapezi mahali pa miguu. Sili hukaa majini, lakini kama fisi-maji wa ziwani hana budi kuja juu kuvuta pumzi. Bahari inapoganda, sili hutoboa matundu katika barafu na kuyatunza yasizibe. Dubu hulitafuta tundu kwa pua yake, maana husikia harufu ya sili kwa mbali sana. Akiisha kuliona, hulala au husimama kimya karibu nalo, pengine saa nzima au zaidi, bila kutikisika. Sili atokezapo pua, dubu humpiga kwa mkono na kumvuta nje. Mara nyingi hukosa. Akipata, na akiwa ameshiba, hula mafuta tu na kuiacha nyama kwa mbweha waupe wamfuatao nyuma.

Majini dubu hamwezi sili, kwa kuwa sili ni mwepesi kuliko yeye. Basi barafu kwake ni kama kibanja kwa Mhaya: ndipo alipo, ndipo alapo, na pakiharibika hakuna pengine pa kwenda. Watu wa Kagera wanalijua jambo la namna hiyo tangu mwaka 2006, mnyauko wa migomba ulipogunduliwa wilayani Muleba. Mtu alikuwa na nyumba yake na nguvu zake, lakini ndizi hazikuwako.

Dubu jike hupata mimba mwezi wa Aprili au Mei, lakini mimba hiyo hungoja, haikui mpaka majira ya baridi yakaribiapo. Ikiwa mama hakunona vya kutosha, haikui kabisa. Aliyenona huchimba pango katika theluji, akaingia na kufungiwa ndani na theluji ianguka­yo. Humo huzaa, mara nyingi watoto wawili. Kila mmoja ana kilo nusu na kidogo, kama sato wa kadiri, naye ni kipofu. Mama hali kitu wala hanywi, lakini hunyonyesha, na theluthi moja ya maziwa yake ni mafuta matupu. Mwezi wa Machi au Aprili hutoka nao, wakiwa na kilo 10 au zaidi, akaongoza njia ya baharini. Mahali pengine mama hufunga miezi minane tangu chakula chake cha mwisho. Watoto hukaa naye miaka miwili na nusu, wakijifunza kungoja penye tundu.

Wenyeji wa nchi hizo, Wainuiti, humwita nanuki, nao humwinda tangu zamani kwa nyama na ngozi. Ini lake hawali, maana lina sumu. Mabaharia wa Uholanzi hawakuyajua hayo. Mwaka 1597, walipokwama katika barafu kaskazini ya Urusi, walilila ini la dubu wakaugua sana, na ngozi yao ikabambuka.

Siku hizi barafu ya bahari huyeyuka mapema na kuganda kwa kuchelewa. Sababu ni moshi wa makaa ya mawe na mafuta ya petroli, ambao hewa yake hulizuia joto lisitoke duniani. Katika upande wa magharibi wa ghuba ya Hudson, huko Kanada, dubu hukaa pwani bila chakula majuma matatu au zaidi kuliko walivyokaa zamani. Mwaka 1987 walikadiriwa kuwa 1,200 mahali hapo. Mwaka 2016 walikuwa 842, na mwaka 2021 walikuwa 618. Dunia nzima wao ni kama 26,000.

Mwaka 2008, kaskazini ya Alaska, wataalamu walimvika jike mmoja ukanda wa shingoni wenye chombo cha kuonyesha mahali alipo. Jike huyo aliingia majini kutafuta barafu, akaogelea siku zaidi ya tisa bila kupumzika, kilomita 687. Upana wa Ziwa Victoria ni kilomita 250 hivi. Ni kama kutoka Bukoba mpaka ng'ambo, kurudi, na kushika safari ya tatu. Barafu aliipata. Lakini alipokamatwa tena alikuwa amepoteza zaidi ya sehemu ya tano ya uzito wake, na mtoto wake wa mwaka mmoja hakuwapo.

Joto hilohilo linaila barafu ya Afrika. Luigi Amedeo, wa ukoo wa kifalme wa Italia, alikwenda kwa meli mwaka 1899 katika bahari ya dubu, na baridi ikamwondolea vidole viwili. Mwaka 1906 alipanda Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo, akaikuta barafu huko pia. Wakati huo ilienea kilomita za eneo saba na nusu hivi. Mwaka 2003 haikufika moja. Kilimanjaro ilikuwa na kilomita za eneo 12 mwaka 1912, na kufikia mwaka 2007 sehemu 85 katika 100 zilikuwa zimetoweka.

Zamani adui wa dubu alikuwa bunduki. Mwaka 1973 nchi zile tano zilipatana kumlinda na wawindaji, na mapatano hayo yalifaa sana. Lakini barafu haizuiliwi na amri ya wawindaji.

Katika mji mdogo wa Churchill, penye ghuba ya Hudson, dubu wenye njaa hukusanyika kila mwaka mwezi wa Oktoba na Novemba, wakiingoja bahari igande. Waingiao mjini hukamatwa na kufungiwa katika jengo maalumu, ambalo watu huliita gereza la dubu. Hawapewi chakula, wasije wakazoea kuwajia watu. Barafu inapokuwa tayari hufunguliwa, nao huenda moja kwa moja baharini.