Sikukusudia Uongo, Je, Laptopu Irudi?



Muhula uliopita nilimuuzia ndugu mmoja wa hosteli yetu laptopu kwa shilingi 800,000. Aliuliza kuhusu betri, nikamjibu bila kusita kwamba inakaa saa 4. Siku ya tatu alinifuata baada ya swala ya Isha. Betri haikufika hata nusu saa. "Ustadh," akasema, "umenidanganya."

Neno lile liliniuma. Aliyeniuzia mimi ndiye aliyeniambia saa 4, na muda wote niliitumia chumbani ikiwa kwenye umeme. Basi nikaingia vitabuni kutafuta utetezi.

Sheria ya Mikataba ya Uganda ya mwaka 2010 inatenganisha udanganyifu na maelezo potofu. Udanganyifu ni kusema jambo ambalo wewe mwenyewe huliamini, au kuficha ukweli kwa makusudi, ili mwenzako akubali mkataba. Maelezo potofu ni kusema lisilo kweli ilhali unaliamini. Hapo nilifurahi kidogo. Lakini katika hali zote mbili aliyepotoshwa anaweza kuuvunja mkataba. Tofauti inakuja baadaye: mdanganyifu anaweza kudaiwa fidia ya hasara, hata kufunguliwa kesi ya jinai, na aliyekosea kwa nia safi kwa kawaida huishia kwenye kurudishiana.

Nami nilikuwa na nia safi, au sivyo? Mwaka 1889 Uingereza iliamuliwa kesi ya Derry v Peek, ambayo wenzetu wa kitivo cha sheria wanaijua vizuri. Wakurugenzi wa kampuni ya tramu walitangaza kwamba wana haki ya kutumia mvuke badala ya farasi, kumbe idhini ya serikali ilikuwa bado, na baadaye ikakataliwa. Walishinda, kwa kuwa waliamini kweli walichosema. Ila hukumu ile ilieleza pia kwamba mtu anayetamka jambo bila kujali kama ni kweli au si kweli naye ni mdanganyifu. Niliposoma hivyo nilifunga kitabu. Betri ile sikuwahi kuijaribu hata mara moja.

Nikarudi kwenye fiqhi, uwanja wangu. Hadithi ya Abu Hurayra katika Bukhari na Muslim inazungumzia mnyama aliyeachwa bila kukamuliwa ili kiwele kijae na mnunuzi adhani ana maziwa mengi. Mnunuzi akishamkamua ana hiyari: amshike, au amrudishe pamoja na pishi ya tende. Hiyo ni tadlisi, hila ya wazi. Wanazuoni wa Kishafi'i wakauliza swali langu hasa: je, kama kiwele kimejaa kwa sababu mwenyewe alisahau tu kukamua? Ghazali akasema hakuna hiyari, kwani hakukuwa na hila. Baghawi akasema ipo, kwa sababu madhara ya mnunuzi ni yale yale. Naona Baghawi ana nguvu zaidi, na nasema hivyo nikiwa upande wa muuzaji!

Tena suala langu lilikuwa jepesi kuliko lile. Betri iliyokufa ni kasoro, na katika hiyari ya kasoro mnunuzi anarudisha bidhaa hata kama muuzaji hakujua. Kujua au kutojua kunagusa dhambi. Fedha hakuziokoi.

Nilimwendea na 500,000, ndizo nilizokuwa nazo, nikamwomba radhi kwa kusema nisichokijua. Zilizobaki nilimaliza mwezi uliofuata. Aliniuliza kama na mimi nitamdai yule aliyeniuzia. Nimeshampigia. Naye anasema aliambiwa hivyo hivyo.

Laptopu ninayo, imechomekwa kwenye umeme ninapoandika haya. Anayeitaka aje. Betri inakaa dakika 25, nimeipima mwenyewe.