Ofisi ya Ustawi wa Jamii na Familia Yako: Maswali Yanayoulizwa Mtaani

Maelezo haya yanawahusu wazazi, walezi na majirani wa Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake ya mtoto, Na. 6 ya mwaka 2011, na huko hatua ya kwanza ni kumwona sheha wa shehia yako.

Nikienda Ustawi kusema nimeshindwa, watanichukulia mtoto?

Hapana. Umaskini si kosa, na mtoto haondolewi kwa mzazi wake kwa sababu nyumbani hakuna chakula. Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kuishi na wazazi au walezi wake, na kumtenganisha nao ni jambo la kuamuliwa na mahakama, pale inapothibitika kwamba kubaki kwake hapo kutamdhuru. Kwenye hatari ya wazi, afisa akishirikiana na polisi anaweza kumpeleka mtoto mahali salama kwanza, kisha shauri likafika mahakamani.

Hofu hii haikuzuka tu. Mtaa mzima huikumbuka siku gari lilipokuja kumchukua mtoto aliyekuwa akiunguzwa kwa pasi. Nyumba ambazo afisa alifika, akazungumza na mama, akaondoka na daftari lake tu, hakuna anayezisimulia. Matokeo yake mzazi huja ofisini akiwa amechelewa, wakati mtoto ameshaacha shule au ameshaingia mjini peke yake.

Wanaposema "mtoto anayeishi katika mazingira hatarishi" wanamaanisha yatima?

Yatima ni mmoja wao. Maneno hayo yana maana ya mtoto yeyote wa chini ya miaka 18 ambaye afya yake, usalama wake au masomo yake yako hatarini: anayemuuguza mzazi, mwenye ulemavu aliyefungiwa ndani, anayelelewa na bibi asiye na kipato, au anayepigwa. Mtoto mwenye baba na mama wote wawili anaweza kuwa miongoni mwao.

Naanzia wapi?

Anza kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji, au mtendaji wake, ambaye atakuelekeza kwa afisa ustawi wa jamii. Si kila kata ina afisa huyo. Pasipo naye, afisa maendeleo ya jamii wa kata hupokea suala lako na kulifikisha halmashauri. Ipo pia Kamati ya Ulinzi wa Wanawake na Watoto, yaani kikundi cha viongozi, watumishi na wananchi wanaofuatilia usalama wa watoto kwenye eneo lao. Huduma hii haina malipo, na anayekudai "hela ya fomu" anakudai isivyo halali.

Afisa akija nyumbani anatafuta nini?

Hakuja kukagua usafi wa nyumba. Atauliza watoto wamekula nini jana usiku, nani anapika, wanalala wangapi chumba kimoja na nani analala nao. Ataomba kuona kadi ya kliniki ya mdogo na daftari la shule la mkubwa, maana kwenye daftari tarehe zinaonekana: mtoto aliyeandika Jumatatu na asiandike tena mpaka wiki inayofuata kuna kitu kinamzuia. Kama yupo bibi anayelea wajukuu, atamuuliza na yeye dawa zake za presha anazipata wapi, kwa sababu afya ya mlezi ndiyo inayoshikilia nyumba hiyo.

Baada ya hapo huandikwa mpango wa huduma. Hii ni karatasi inayosema mtoto anahitaji nini, nani atafanya nini na lini watarudi kuangalia. Una haki ya kusomewa yaliyoandikwa, kuuliza na kukataa usichokubaliana nacho; mtoto naye ana haki ya kusikilizwa kulingana na umri wake. Yaliyosemwa humo ni siri, na afisa hapaswi kuyazungumza mbele ya majirani waliokuja kuchungulia.

Kwa hiyo watanipa fedha?

Mara nyingi hapana, na ni vyema kulijua hilo kabla ya kutoka nyumbani. Kazi kubwa ya Ustawi ni kukuunganisha na huduma zilizopo: shule, zahanati, kikundi cha kuweka na kukopa, mahakama, shirika linalosaidia watoto eneo hilo, na ndugu wa ukoo ambao wakati mwingine wanasubiri tu kuitwa.

Ruzuku ya Mpango wa Kunusuru Kaya Masikini hutolewa kupitia TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, na majina ya kaya huibuliwa na kujadiliwa kwenye mkutano wa kijiji au mtaa. Kwa hiyo afisa hawezi kukuingiza peke yake, na uandikishaji huja kwa awamu. Wapo waliosikia kwamba fedha hizo ni mkopo utakaodaiwa baadaye; si mkopo, ila zina masharti, kama watoto kuhudhuria shule na wadogo kufikishwa kliniki.

Mtoto anaumwa na sina pesa ya hospitali.

Mpeleke hata hivyo. Kwa sera ya afya, watoto wa chini ya miaka mitano na wajawazito hawatozwi kwenye vituo vya serikali, na wasiojiweza wanaweza kupewa msamaha, yaani kutibiwa bila kulipa. Hospitali kubwa zina ofisi ya ustawi wa jamii humo humo ndani; ulizia hapo, na ukiweza beba barua ya mtendaji wako inayoeleza hali ya kaya.

Sina cheti cha kuzaliwa cha mtoto, na baba yake hayupo.

Mama anaweza kumsajili mtoto bila baba kuwepo. Vyeti hutolewa na RITA, wakala wa serikali wa usajili, na kwa watoto wa chini ya miaka mitano upo utaratibu wa kuvitoa bure kwenye vituo vya afya na ofisi za kata. Usimzuie mtoto kwenda shule kwa kusubiri cheti.

Baba yupo, ana kazi, lakini hatoi matumizi.

Matunzo ya mtoto ni wajibu wa wazazi wote wawili, wawe wamefunga ndoa au la. Afisa ustawi atamwandikia baba barua ya wito, mtakaa mezani, na mkielewana mtaandikiana makubaliano: kiasi gani, kila tarehe ngapi, kwa njia ipi. Sisi tunapendekeza malipo kwa simu au benki, kwa sababu "nilimpa mkononi" ndiko ugomvi mwingi unakoanzia.

Akikaidi, shauri huenda Mahakama ya Watoto. Ni mahakama inayosikiliza mambo ya watoto faragha, na mara nyingi hutumia majengo ya mahakama za kawaida. Akimkana mtoto, kipimo cha vinasaba (DNA) hufanyika kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kupitia maombi ya mahakama, Ustawi au mamlaka nyingine inayotambuliwa. Ndugu hawaendi wenyewe kupima kimyakimya. Na jambo moja husahaulika: baba kutotoa matumizi hakumpi mama ruhusa ya kumficha mtoto asimwone baba yake. Kuonana na mzazi ni haki ya mtoto.

Nasikia mtoto wa jirani analia kila usiku. Nikisema si nitaitwa mmbea?

Kusema ni wajibu wa kisheria. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto kinamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa za mtoto kunyimwa haki zake azifikishe kwa serikali ya mtaa au halmashauri. Usipotaka kuonekana ofisini, piga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Ni bure, mchana na usiku, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

Mtoto amebakwa na wazee wanataka tuyamalize kifamilia.

Usikubali. Kubaka ni jinai. Ng'ombe, faini wala ndoa haviwezi kuifuta, na anayesimamia "suluhu" hiyo anaweza kujikuta mwenyewe matatani. Mfikishe mtoto hospitali mara moja, kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hufanya kazi ndani ya muda huo. Usimwogeshe wala kufua nguo zake. Zitie kwenye mfuko wa karatasi au zifunge kwenye kitambaa kisafi.

Dawati la Jinsia na Watoto lipo kwenye vituo vya polisi, na hapo utapewa fomu ya PF3, ambayo haiuzwi. Matibabu ya dharura hayapaswi kusubiri fomu hiyo. Baadhi ya hospitali zina Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi na afisa ustawi wako pamoja ili mtoto asirudie kusimulia mara nyingi. Na nyumbani pia msimhoji kwa zamu, shangazi leo na mjomba kesho.

Amekuja mtu wa heshima, anataka kuwachukua watoto akawasomeshe mjini.

Heshima yake isikuzuie kuuliza. Makao ya watoto, yaani nyumba inayolea watoto walio nje ya familia, lazima yawe na leseni ya serikali, na mtoto hupelekwa huko kupitia Ustawi, tena kama njia ya mwisho. Kabla ya hapo hutafutwa ndugu, halafu familia ya kuaminika, yaani kaya iliyokaguliwa na kukubaliwa kumhifadhi mtoto kwa muda. Kama anachotaka ni mfanyakazi wa ndani, jua kwamba mtoto wa chini ya miaka 14 haruhusiwi kuajiriwa kabisa, na aliye juu ya umri huo hapaswi kupewa kazi ya hatari wala inayomnyima shule.

Binti yetu alipata mimba akaacha shule. Ndiyo basi?

Hapana. Tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu wanafunzi walioacha masomo, wakiwemo waliojifungua, kurudi kwenye mfumo rasmi ndani ya miaka miwili tangu walipoacha. Mwone mkuu wa shule pamoja na afisa elimu kata. Afisa ustawi anaweza kuwasaidia kupanga nani atamlea mtoto mchanga saa za masomo.

Nimefika ofisini, nimeambiwa "njoo kesho" mpaka nimechoka.

Kila ukifika, hakikisha jina lako limeandikwa kwenye rejesta ya siku hiyo, na omba namba ya shauri lako. Usiposikilizwa kwenye kata, nenda kwa mkuu wa kitengo cha ustawi wa jamii halmashauri, kisha kwa mkurugenzi, ukiwa na tarehe ulizoandika mwenyewe. Kama mtoto yuko hatarini leo, usisubiri ngazi hizo: nenda kituo cha polisi kilicho karibu au piga 116.