Safisha Kinywa cha Mzee, Linda Mapafu Yake



Tuchukue mfano wa nyumba moja kijijini. Ndani yumo bibi ambaye hatoki tena kitandani. Watoto wake ni watu wema. Asubuhi wanampa uji. Wanamwogesha na kumfulia mashuka. Lakini kila baada ya miezi michache bibi anashikwa na homa. Anakohoa, na kifua kinamkoroma. Majirani wanasema, "Baridi hiyo." Wengine wanasema, "Aa, ni uzee tu." Basi anafunikwa blanketi la pili.

Sasa uliza swali moja: "Je, bibi alisafishwa kinywa lini?" Watu watatazamana. Mmoja atajibu, "Bibi hana meno. Sasa tumpige mswaki wapi?"

Somo letu la leo linahusu swali hilo. Tutaona kwamba kinywa kichafu kinaweza kuleta ugonjwa mkubwa wa kifua. Tutaona pia jinsi watu wa Japani walivyolipima jambo hili kwa hesabu.

NIMONIA HUINGIAJE?

Nimonia ni ugonjwa wa mapafu. Wengine huuita homa ya mapafu, na wengine huuita kichomi. Vijidudu huingia ndani ya mapafu, na mapafu hujaa majimaji na usaha. Mgonjwa hupumua kwa shida. Mzee dhaifu anaweza kufa kwa muda mfupi.

Vijidudu hivyo hutoka wapi? Vingine hutoka kwa mtu mwenye kikohozi. Lakini vingine vimo kinywani mwa mzee mwenyewe. Vinakaa kwenye ukoga, yaani ule utando unaonata juu ya meno, kwenye ufizi na juu ya ulimi. Kinywa kisiposafishwa, ukoga huongezeka, na vijidudu huongezeka pamoja nao.

Kooni mna njia mbili. Moja ni ya chakula, huenda tumboni. Nyingine ni ya hewa, huenda mapafuni. Mtu mwenye nguvu akimeza, njia ya hewa hujifunga. Mate yakikosea njia, hukohoa mara moja na kuyatoa. Ndiyo maana tunasema, "Nimepaliwa."

Mzee aliyedhoofika hawezi hivyo. Hasa aliyepata kiharusi, kumeza kwake ni kwa shida, na kikohozi chake hakina nguvu. Usiku akilala, mate huteremka kidogo kidogo katika njia ya hewa. Hakohoi. Walio karibu naye hawajui. Kama mate yale ni machafu, yanapeleka vijidudu mapafuni. Kumbe bibi anaweza kuugua bila kupigwa na baridi yoyote!

WAJAPANI WALIFANYAJE?

Japani ni nchi yenye wazee wengi. Karibu watu 3 katika kila watu 10 wametimiza umri wa miaka 65 au zaidi. Wazee wengi wasiojiweza hutunzwa katika nyumba maalumu. Humo wamo wauguzi na watunzaji wa kuwalisha, kuwaogesha na kuwageuza kitandani.

Daktari wa meno aitwaye Takeyoshi Yoneyama na wenzake walitaka kujua jambo moja. Je, wazee hawa wakisafishwa vinywa sawasawa, nimonia itapungua? Walichagua nyumba 11 za wazee. Waliwagawa wazee katika makundi mawili, kisha wakawafuatilia kwa miaka 2.

Kundi la kwanza liliendelea na desturi yake ya zamani. Mzee anayejiweza alijisafisha mwenyewe. Asiyejiweza hakuongezewa huduma yoyote ya kinywa.

Kundi la pili lilipata huduma mpya. Kila baada ya chakula, muuguzi au mtunzaji alimpiga mzee mswaki kwa muda wa dakika 5 hivi. Pale ambapo mswaki haukutosha, alipanguswa kinywa kwa dawa ya iodini iliyopunguzwa nguvu. Tena, mara moja kila wiki, alikuja daktari wa meno au mtaalamu wa kusafisha meno kumhudumia.

Kwa nini mtaalamu alihitajika? Ukoga ukikaa siku nyingi huwa mgumu kama jiwe. Mswaki hauwezi kuutoa, unahitaji vyombo vya mtaalamu. Mtaalamu huona pia jino linalolegea, kidonda kilichojificha chini ya ulimi, au meno ya bandia yanayoumiza ufizi.

TUANGALIE HESABU

Matokeo yalitangazwa mwaka 1999. Wazee waliohesabiwa mwishoni walikuwa 366. Chukua kalamu, ndugu msomaji, uandike pamoja nasi.

Kundi lisilopata huduma mpya: wazee 182. Waliopata nimonia ni 34. Waliokufa kwa nimonia ni 30.

Kundi lililopata huduma mpya: wazee 184. Waliopata nimonia ni 21. Waliokufa kwa nimonia ni 14.

Makundi yanakaribia kulingana kwa idadi. Lakini tazama vifo: 30 upande mmoja, 14 upande wa pili. Hata hawafiki nusu! Siku za homa nazo zilipungua katika kundi la pili.

Tena kuna jambo linalomjibu yule aliyesema, "Bibi hana meno." Huduma ile iliwafaa wazee wenye meno, na iliwafaa pia wasio na meno. Vijidudu havingoji jino. Hukaa hata kwenye ulimi na ufizi.

Lakini tusidanganyane. Si kila jaribio lilileta faida kubwa namna hiyo. Huko Marekani, katika jimbo la Connecticut, nyumba 36 za wazee zilijaribu kupiga mswaki, kusukutua kwa dawa na kumkalisha mzee wima anapokula. Jaribio lilisimamishwa mapema kwa sababu nimonia haikupungua. Katika jimbo la North Carolina, nyumba 14 zilishiriki jaribio jingine. Pale watunzaji walipofundishwa kusafisha vinywa, nimonia ilipungua mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili nafuu ile haikuonekana tena.

Kwa hiyo usafi wa kinywa si kinga ya ajabu. Mzee aliyesafishwa vizuri bado anaweza kupata nimonia. Lakini kinywa safi hakina hasara. Mzee hula vizuri, haumwi ufizi, wala hanuki mdomo mbele ya wajukuu zake.

SISI TUFANYE NINI?

Hapa Tanzania yapo makazi ya wazee wasiojiweza. Lakini wazee wetu walio wengi tunao nyumbani. Muuguzi wao ni binti, mkwe au mjukuu. Mtaalamu wa meno hawezi kuja kila wiki. Lakini ile kazi ya kila siku tunaiweza. Fuata hatua hizi:

1. Nawa mikono kwa sabuni.

2. Mwambie mzee unachotaka kufanya. "Mama, nataka kukusafisha kinywa." Usimshtukize. Kama anakataa, ngoja kidogo, kisha umbembeleze. Usimlazimishe.

3. Mkalishe wima. Kama hawezi kukaa, mlaze kwa ubavu na uinue kichwa kidogo. Usimsafishe akiwa amelala chali, maji yatamwingia njia ya hewa.

4. Chukua mswaki laini, uuloweshe kwa maji safi kidogo. Sugua taratibu pale jino linapokutana na ufizi, nje na ndani. Kisha pangusa ulimi, kutoka nyuma kuja mbele. Usiuingize mswaki mbali, atatapika.

5. Asiye na meno msafishe ufizi, ulimi na ndani ya mashavu. Tumia mswaki laini au kitambaa safi kilicholoweshwa na kukamuliwa.

6. Mzee ateme. Asiyeweza kutema, mpanguse uchafu kwa kitambaa safi. Usimwagie maji kinywani.

7. Kama ana meno ya bandia, yatoe usiku, uyasugue kwa mswaki, na uyaweke katika maji safi. Mjini Tokyo walifuatiliwa wazee 524 wenye umri wa miaka 85 na zaidi. Waliolala na meno ya bandia walikuwa katika hatari ya nimonia karibu mara 2 kuliko wenzao.

8. Wakati wa kumlisha, mkalishe wima pia. Mpe kijiko kidogo, angoje ameze ndipo umpe kingine. Akimaliza kula, akae wima nusu saa hivi kabla ya kulala.

Ni vizuri kumsafisha kila baada ya chakula. Ikishindikana, basi asubuhi na jioni. Ile ya jioni usiiache kabisa, kwa sababu usiku ndipo mate huteremka bila mtu kujua.

Usimpake mzee iodini wala dawa nyingine kinywani bila kuuliza zahanati. Ukiona kidonda kisichopona, ufizi unaotoa damu nyingi au jino linalolegea, mpeleke kwa mganga. Hospitali ya wilaya ikiwa na mtaalamu wa meno, mpeleke angalau mara moja amchunguze.

DALILI ZA HATARI

Kusafisha kinywa ni kuzuia, siyo kutibu. Nimonia ikishaingia, mswaki hauitoi. Mpeleke mzee zahanati upesi ukiona anapumua haraka haraka, anakohoa, ana homa, au kifua kinamchoma. Lakini kumbuka: mzee anaweza kuwa na nimonia bila homa. Pengine anakataa kula tu, anasinzia mno, au maneno yake yamevurugika ghafla. Usiseme, "Ni uzee." Usimpe vidonge vilivyobaki kwa jirani. Mpeleke.

NDUGU WASOMAJI,

Mwaka 1973 nchi yetu ilikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Vijana walioshika majembe wakati ule ndio wazee wetu wa leo. Wao walijifunza ili watoto wao wasife kwa maradhi yanayozuilika. Sasa ni zamu yetu. Mswaki mmoja, kikombe cha maji na dakika 5 si mzigo mkubwa kwa mtu aliyetubeba mgongoni.

MANENO YA KUKUMBUKA

Ukoga: utando wenye vijidudu unaoshika juu ya meno na ulimi.
Ufizi: nyama inayoshika meno.
Kupaliwa: kuingiwa na mate, maji au chakula katika njia ya hewa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mate machafu ni hatari zaidi kwa mzee dhaifu kuliko kwa kijana?
2. Katika jaribio la Japani, tofauti ya vifo kati ya makundi mawili ni ngapi? Toa 14 kutoka 30.
3. Je, mzee asiye na meno anahitaji kusafishwa kinywa? Eleza sababu.
4. Kwa nini hatumsafishi mzee akiwa amelala chali?
5. Katika nyumba yako au ya jirani yako yumo mzee asiyejiweza? Nani anamsafisha kinywa? Kama hakuna, pangeni leo nani ataanza jioni hii.