Mali bila Daftari

Kila mwaka vyuo vifunguapo masomo, yapata Oktoba na Novemba, vijana wa Lamadi, mkoani Simiyu, hupanda basi na masanduku yao kuelekea Mwanza kwa njia ya Magu na Kisesa. Nyuma yao wamewaacha wazazi waliouza pamba, mpunga, dagaa, au hata ng'ombe wa kulimia, ili mtoto asome. Wazazi hao wameuliza kwa bidii: ada ni kiasi gani? Lakini ni wachache waulizao swali la pili: mtoto akifika, atalala wapi, na atakula nini hata siku ya mitihani? Somo letu la juma hili lahusu swali hilo.

Mwanza ni mji wa wanafunzi. Pale Bugando hufundishwa waganga; na kule Malimbe, karibu na Nyegezi, kipo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, kilichotokana na chuo alichokianzisha Askofu Joseph Blomjous mwaka 1960, kikawa chuo kikuu mwaka 1998. Wanafunzi wengi hupanga vyumba mitaani, na mara nyingi mwenye nyumba hutaka kodi ya miezi sita kwa pamoja.

Basi na tuhesabu. Mwaka 2022 fedha ya chakula na malazi kwa wanafunzi wanaokopeshwa na Bodi ya Mikopo ilipandishwa, kiwango cha juu kikawa shilingi 10,000 kwa siku badala ya 8,500. Kwa siku 60 hizo ni shilingi 600,000. Kwa kijana ambaye hajapata kushika laki moja yake mwenyewe, huo ni utajiri. Lakini tuseme chumba ni shilingi 60,000 kwa mwezi: kodi ya miezi sita ni 360,000. Zabaki 240,000, yaani shilingi 4,000 kwa siku. Humo mna chai, chakula cha mchana kwa mama lishe, chakula cha usiku, nauli ya daladala, sabuni, nakala za masomo na vocha ya simu. Akinunua viatu vya shilingi 40,000, amekwisha kula chakula cha siku kumi. Tena fedha hiyo ni deni: akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi mpaka liishe. Na yule asiyepata mkopo, kila senti yake yatoka nyumbani.

Fedha inapokwisha kabla ya wakati, uongo huingia kabla ya njaa. Kijana hupiga simu na kutaja mchango ambao chuo hakikuudai; baba, kwa kutojua, auza mbuzi mwingine. Mwenzake hukimbilia kamari za mpira, akitumaini kurudisha alichopoteza. Binti huona haya kusema kwamba hajala, na mara hutokea mwanaume wa kumlipia kodi. Malipo atakayodai yajulikana. Wengi wa watoto hawa walilelewa vema. Walipelekwa safari ndefu bila hesabu.

Jambo hili si geni. Mtakatifu Agustino mwenyewe, alipokuwa na umri wa miaka 16, alikatiza masomo akakaa nyumbani Thagaste mwaka mzima, kwa sababu baba yake Patricius, mtu wa mali ya kiasi, alikuwa angali akikusanya fedha za kumpeleka Karthago. Watu walimsifu baba huyo kwa kujinyima. Lakini Agustino aliandika baadaye kwamba baba yake alijali ufasaha wa mwanawe, wala hakujali mwenendo wake. Huko Karthago kijana alipata elimu, akapotea pia. Na mama yake, Mtakatifu Monika, alimlilia miaka mingi.

Enyi wazazi, yatupasa kufanya mambo matatu. Kwanza, kabla ya safari, kaeni na mtoto mezani mkiwa na daftari. Andikeni kodi, chakula, nauli, vitabu na akiba ya ugonjwa, kila kimoja na fedha yake. Bwana wetu, katika Injili ya Luka sura ya 14, atufundisha kuhesabu gharama kabla ya kuanza kujenga mnara. Pili, mtoto asafiri na chakula cha nyumbani: unga, mchele, dagaa wakavu, michembe. Vijana watatu wakipika chungu kimoja, fedha yao hukaa.

Tatu, na hili ndilo kubwa, ukweli usiogopwe. Mzazi agombaye kila aombwapo fedha humfundisha mtoto kutunga sababu. Mtoto na asome daftari lake kwa wazazi kila mwezi, hata kama lina aibu. Na mzazi naye aseme ukweli wake, kwamba bei ya pamba imeshuka au nyavu zimerudi tupu. Kijana ajuaye kilichouzwa kwa ajili yake hufikiri mara mbili kabla ya kununua viatu.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Ng'ombe aweza kununuliwa tena mavuno yakiwa mema. Uaminifu kati ya mzazi na mtoto hauna mnada, basi na tuulinde tangu siku ya kufunga sanduku.